Redio ya Angani kwenye Pikapu ya Onofre

Ojo Hondo, New Mexico
Tarehe 4 Machi 2007

Kwako Orlinda,

Huna aibu. Krismasi ulikuja ukala, ukaondoka kabla pilau ya mahindi haijapoa, na tangu hapo kimya. Denver si mwezini. Kuna barabara, na hiyo barabara ina lami mpaka kwenye daraja letu. Watu wananiuliza kanisani, "Mjukuu wako yu hai?" Nawajibu, "Sijui, mwulizeni yeye."

Haya, nimeshakugombeza, sasa nakusalimu. Sisi tu wazima. Theluji imeondoka upande wa jua, upande wa kivuli bado. Kondoo wawili wamezaa, mmoja amekataa mwanawe nami namlisha kwa chupa jikoni, ananifuata kama karani. Wiki ijayo wanaume watasafisha mfereji wa mashamba, na Facundo jirani yetu ndiye mkuu wa mfereji tena mwaka huu. Goti langu usiliulize.

Babu yako hajambo.

Sasa sikia ninachotaka. Wewe kazi yako ni kufunga redio kwenye magari ya watu wenye nazo. Nataka ile redio inayoshika kutoka angani, ile uliyosema inasikika hata penye milima. Nataka ifungwe kwenye pikapu. Redio iliyomo sasa, humu bondeni inashika mkwaruzo tu na mhubiri mmoja mwenye mafua. Babu yako siku hizi anapenda kukaa ndani ya pikapu. Anakaa tangu asubuhi, pale pale uani. Si vibaya mtu kukaa kwenye gari lake mwenyewe. Lakini akikaa bila kusikiliza chochote, mkono wake unatafuta kazi.

Sharti langu ni moja: usitoboe. Pikapu ile aliinunua mpya mwaka themanini na sita, na hajawahi kubandika hata picha ya mtakatifu kwenye dashibodi. Ukitoboa tundu moja atajua, na mimi ndiye nitakayelala na kelele zake.

Herufi zangu unazijua. Shule sikuiona, babu yako ndiye aliyenifundisha kusoma baada ya harusi, kwa maandishi ya magunia ya unga. Kwa hiyo wewe andika makubwa.

Bibi yako,
Eufelia


Denver
Tarehe 29 Machi 2007

Shikamoo Bibi,

Nisamehe. Nimepokea barua yako nikacheka peke yangu karakana nzima ikanitazama. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, bosi hatoi ruhusa, na njia ya mlimani bado ina barafu. Msalimie kondoo wa jikoni.

Nimekutumia boksi. Kila kitu kimo, na hakuna tundu hata moja. Nakuandikia hatua kwa hatua, makubwa.

Kile kipande cheusi kilichopinda ni kishikio. Kinaingia kwenye ule ufa kati ya dashibodi na fremu ya redio ya zamani, kinajibana chenyewe. Usikigonge na nyundo, Bibi. Nakujua. Kisukume kwa kidole gumba mpaka kilie tik. Redio ndogo inakaa juu yake, upande wa kulia wa usukani, pasipozuia mkono unaobadili gia.

Antena ni kile kidude kama kibuyu cha chumvi kilicholala. Chini kina sumaku. Kikae katikati ya paa, hapo hapo. Waya wake upitishe chini ya mpira wa mlango wa abiria, si wa dereva, maana wa dereva unafunguliwa sana utaukata. Kabla haujaingia ndani uache ushuke kidogo kama tumbo kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke pale, yasifuate waya mpaka ndani. Waya utakaobaki uukunje nyuma ya kile kisanduku cha makaratasi. Usiuache unaning'inia. Waya unaoning'inia ni aibu ya fundi.

Sauti itapita kwenye mahali pa kaseti. Nimeweka kaseti ya bandia, ndani haina wimbo, ina kamba tu. Umeme unatoka kwenye fyuzi iliyomo boksini, ile niliyoifunga uzi mwekundu; ichomeke kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Ufunguo ukiwashwa redio inawaka, ufunguo ukitolewa inalala.

La mwisho: antena inataka kuona anga ya kusini. Mlima, ukuta au majani yakiziba, wimbo unakatika.

Babu anakula vizuri? Analala?

Mjukuu wako,
Orlinda


Ojo Hondo
Tarehe 26 Aprili 2007

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hiyo barafu yako ya mlimani iliyeyuka siku ile ile uliyoandika, Facundo alipita huko na lori la nyasi. Lakini sisemi kitu.

Mfereji umesafishwa, maji yanashuka. Mbaazi nimepanda. Kondoo wa jikoni nimemtoa nje, sasa analalamika dirishani.

Redio imefungwa. Ungeona. Nilitoka na boksi lako na barua yako, miwani juu ya pua, nikamwambia babu yako asogee. Akaniuliza, "Unakwenda wapi na bisibisi yangu?"

"Nafunga redio."

"Wewe? Wewe hata kibaniko cha mkate kinakushinda."

"Basi ifunge wewe, fundi mkuu."

Akashuka. Orlinda, sijui nikuambieje. Mikono yake haikuniuliza chochote. Mimi nasoma, yeye ameshatangulia. Nikisoma "pitisha chini ya mpira", mpira ameshaufungua kwa kucha, waya umelala ndani kama uzi kwenye pindo la gauni. Lile tumbo la kudondoshea maji alilifanya kabla sijafika kwenye mstari huo. Waya wa ziada akaukunja, akaufunga kwa kipande cha ngozi ya viatu, akauficha. Kishikio kikalia tik. Akafuta alama za vidole vyake kwa mkono wa shati. Ukitazama leo utadhani pikapu ilitoka kiwandani na redio hiyo.

Nikasema, "Orlinda angejivunia."

Akasema ndiyo, ndiyo. Kisha akawasha.

Ikatoka gitaa, na sauti ya mwanaume analia kuhusu farasi wake. Babu yako akafumba macho. Nikarudi jikoni nikaacha maharage yaungue, sikujali.

Sasa swali dogo. Hiyo redio nataka iwake bila ufunguo. Niambie waya upi uende wapi. Mengine usiniulize.

Bibi yako


Denver
Tarehe 19 Mei 2007

Shikamoo Bibi,

Samahani kuchelewa. Mimi mzima, ila nimechoka, tumepewa magari mengi ya msimu wa joto.

Nimefurahi sana kwa waya kufichwa vile. Mwambie Babu mafundi wa hapa wangefaa kuja kujifunza kwake.

Lakini kuiwasha bila ufunguo, Bibi, si vizuri. Redio itanyonya betri mchana na usiku. Asubuhi gari halitawaka. Mbona ufunguo unakusumbua? Si anao mwenyewe? Kuna jambo?

Sitaweza kuja Juni. Bosi.

Orlinda


Ojo Hondo
Tarehe 11 Julai 2007

Orlinda,

Joto. Mbaazi zimekauka. Goti linapiga kelele kuliko redio.

Nilikuuliza habari ya waya, sikukuuliza habari ya betri. Gari lisipowaka asubuhi, je, mtu atakufa? Watu waliishi hapa bila gari tangu enzi za babu wa babu yako.

Redio siku hizi inakatika. Ule mti mkubwa wa uani umevaa majani yake yote, na gari linakaa chini yake. Wimbo unafika katikati unakufa. Babu yako anapiga dashibodi kwa kiganja, "Imba, mjinga wewe!" Kisha anageuza ufunguo, anasogeza gari mbele. Kisha mbele tena.

Shamba la Facundo lilipata maji kidogo juzi. Nyasi alikuwa ameshazikata, zimelala chini zikauke, zote zimeoza. Haikuwa zamu yetu ya maji. Lango lilifunguliwa tu. Facundo alikuja akavua kofia mlangoni, akasimama, akaivaa, akaenda. Afadhali angetukana.

Waya upi, Orlinda. Nijibu.

E.


Denver
Tarehe 3 Agosti 2007

Bibi yangu,

Shikamoo. Sitaanza na habari za kazi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Anayefungua lango la maji katika zamu ya mtu mwingine, huko kwetu, ni mwizi au ni mgonjwa. Na Babu hajawahi kuiba hata tone. Alikuwa mkuu wa mfereji kabla mama yangu hajazaliwa. Nimeelewa unachotaka na redio isiyohitaji ufunguo. Unataka kuuficha ufunguo na kumwachia wimbo.

Mimi pia nimekuficha jambo. Krismasi sikuondoka mapema kwa kukimbia theluji. Nilitoka kumpelekea kahawa kwenye pikapu, nikaketi karibu naye. Akaniambia asante bibie, wewe ni binti wa nani? Nikadhani ananitania. Nikamwambia, wa kwako, Babu. Akacheka kwa adabu, vile anavyomchekea mtu wa serikali. Nikaingia ndani nikafunga begi. Ndiyo maana siji. Bosi wangu ni mtu mwema, hana hatia.

Fanya hivi. Nakutumia betri ndogo. Ikae nyuma ya kiti, ndani ya sanduku lake, na nyaya za redio zote mbili, ndogo na ile ya zamani ya kaseti, ziende kwake peke yake. Kila jioni uichaji jikoni. Halafu fungua boneti, betri kubwa ina nguzo mbili. Ile yenye alama ya kutoa, legeza nati kwa spana namba kumi, toa kichwa cha waya, kiweke kando. Gari litakaa kimya kama jiwe, redio itaimba.

Mwambie betri imekufa kwa uzee.

Orlinda


Ojo Hondo
Tarehe 21 Oktoba 2007

Orlinda, mtoto wangu,

Marahaba, na tena marahaba. Nilikasirika na barua yako siku mbili tatu, nikaosha mapazia yote ya nyumba. Si kwa sababu umekosa. Ni kwa sababu nilidhani hilo jambo nalibeba peke yangu, kumbe ulikuwa umebeba upande wa pili, tukapishana njiani kila mtu na mzigo wake kama wapumbavu. Mimi ameniuliza mara nyingi kama mke wake amekwenda sokoni. Namjibu amekwenda, atarudi. Haya, tumeshasema. Halirudi ndani tena.

Pilipili tumevuna, zimetundikwa ukutani nyekundu. Kondoo wa jikoni amekuwa dume kubwa, amemwangusha padri. Watu wamezungumza jambo hilo kuliko mahubiri.

Betri yako nilifunga kama ulivyosema. Spana namba kumi nilipata, nati nikalegeza, nikatoa kichwa cha waya nikajiona jambazi. Redio ikaimba bila ufunguo. Nikamwambia, "Betri imekufa, Onofre. Uzee." Akanitazama.

Tulisahau ni nani tunayemdanganya. Sisi wawili, mmoja asiyekwenda shule na mwingine mwenye cheti ukutani, tukaenda kumdanganya kuhusu gari mtu aliyeteremsha injini ile na kuipandisha kwa mikono yake. Jina langu linampotea, jina la nati halimpotei. Siku niliyokwenda kwenye mazishi kule ng'ambo ya mto, alifungua boneti, akaona waya umetolewa, akaurudisha na kuukaza. Na nguzo akaipiga msasa ing'ae. Akaondoka.

Niliporudi mti upo, gari hakuna.

Sitakueleza saa zile. Facundo alitoa wanaume, wengine kwa farasi. Mimi nilisimama barabarani na sweta lake mkononi kama mtu anayeuza. Walimkuta juu kwenye lango la mfereji, pale bonde linapofunguka upande wa kusini. Ameegesha ukingoni kabisa, Orlinda. Gurudumu la mbele liko juu ya maji, udongo umeanza kumeguka. Mlango wazi, redio inaimba bila kukatika hata neno. Facundo akamwita taratibu, "Mzee Onofre, unafanya nini huku?"

"Huku inashika," babu yako akasema. "Sikiliza. Huku inashika."

Hakwenda kuiba maji, hakwenda kupotea. Alifuata wimbo mpaka mahali unapoishi. Ulituandikia mwenyewe, inataka anga ya kusini. Aliyekusikia ni yeye.

Wale wengine wakataka kumnyang'anya ufunguo pale pale. Mwingine akasema tuutupe mtoni. Nikawaambia atakayemgusa mfukoni nitamvunja meno aliyoachiwa na Mungu. Humnyang'anyi mtu lango la mfereji unapofika mwisho wa zamu yake. Unakuja mbele ya watu, anakukabidhi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kila masika, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Basi Jumapili baada ya misa wakaja uani, Facundo na wale wazee wa mfereji, mashati yamepigwa pasi. Babu yako alikuwa kwenye usukani. Facundo akavua kofia.

"Mzee Onofre, tumekuja kwa makabidhiano."

"Makabidhiano ya nini? Mfereji unao wewe, na unausimamia vibaya."

Wakacheka. Facundo mwenyewe akacheka. "Ya gari, mzee."

Babu yako hakucheka. Akashika usukani kwa mikono miwili. Nilidhani atawasha akanyage watu wote. Akauliza, "Anayepokea ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe uligonga banda la kuku."

"Banda lilikuwa katikati ya njia."

"Banda lilikuwa pale kabla hujaolewa!"

Halafu akauachia usukani. Akanitazama muda mrefu, na nakuapia, kwa muda huo alinijua. Alijua mimi nani na alijua ni nini kinaondoka. Ningependa kukuambia ilikuwa furaha. Haikuwa. Ni afadhali angekuwa amepotea dakika hiyo. Akashuka, akavua kofia, akautoa ufunguo kwenye pete yake kwa shida, hakukubali mtu amsaidie. Akasema maneno yale yale ya mfereji: "Nimelinda kwa zamu yangu. Linda kwa zamu yako." Akaweka mkononi mwangu. Mkono wake ulikuwa baridi.

Jioni akauliza ufunguo uko wapi. Nikamwambia umekabidhi. "Mbele ya watu?" Mbele ya watu. Kesho yake akauliza tena. Anauliza kila siku. Kila siku namjibu hivyo hivyo, na akisikia mbele ya watu anashusha mabega. Usiku mwingine analia kidogo, simwambii asilie. Kuna mambo hayana dawa, ndiyo hilo.

Pikapu tumeitoa chini ya mti. Facundo aliivuta mpaka kwenye malisho ya juu, karibu na ua, pasipo na kitu kusini isipokuwa anga. Wimbo haukatiki tena. Kila siku baada ya kifungua kinywa namshika mkono tunapanda mpaka pale, anaketi kwenye usukani mimi nafuma kando yake. Kuna siku ananiambia mke wake anapika vizuri kuliko mwanamke yeyote bondeni. Namwuliza, mzuri? Anasema, mkali. Naendelea kufuma.

Sasa wewe. Utakuja kabla theluji haijafunga mlima, wala usiniandikie habari ya bosi. Ukifika usianzie jikoni kwangu, nitakuona kwa dirisha, inatosha. Panda moja kwa moja mpaka malishoni. Usimwulize kama anakujua. Akikuuliza wewe nani, mtajie jina lako kwa sauti nzuri, bila machozi. Akiuliza tena, mtajie tena, kama vile ndiyo mara ya kwanza. Halafu kaa. Wimbo ukimpendeza atakupigapiga gotini kwa vidole, hapo usiseme kitu. Utaingilia mlango wa abiria. Umekuwa mgumu, kwa hiyo unyanyue kidogo kwanza, ndipo uvute.

Bibi yako,
Eufelia